KOPLO APEWE MWENZAKE

 Wengi huandika katika jarida hili juu ya nidhamu, mitihani na usafi wa mazingira. Mimi nimeamua kuandika juu ya punda. Najua baadhi yenu mmeshaanza kucheka. Chekeni, lakini msifungue ukurasa mwingine, kwa sababu jambo hili linatuhusu sote, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Koplo mnamjua. Ni yule punda wa kijivu afungwaye nyuma ya jikoni, karibu na rundo la kuni. Ninyi mliojiunga nasi mwaka huu mmemkuta peke yake, mkadhani ndivyo alivyokuwa tangu zamani. La hasha! Walikuwa wawili, Sajini na Koplo. Walinunuliwa siku moja wakiwa wadogo, wakafunzwa kazi pamoja, na wakavuta mkokoteni mmoja, Sajini kulia na Koplo kushoto. Jioni wakifunguliwa, walisimama ubavu kwa ubavu, huyu akielekeza kichwa kwenye mkia wa yule, wakakunana mabega kwa meno kana kwamba hakuna shule wala kengele duniani.

Muhula wa pili mwaka jana Sajini aliumwa na tumbo usiku. Kulipopambazuka, alikuwa amekwisha kukata roho. Mzoga wake uliondolewa mapema, kabla hatujaenda kunywa uji, na Koplo alikuwa amefungwa upande wa pili wa ua. Siku ile sisi tulinung'unika kwa ajili ya kitu kimoja tu: maji. Tuliuliza tutaoga na nini. Sikumsikia hata mmoja wetu akiuliza habari za yule aliyebaki.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Koplo akawa anasimama mlangoni mwa ua akitazama njia aliyopitishwa mwenzake. Usiku alikuwa akilia kwa sauti ile ya kukwaruza, anyamaze kidogo, asikilize, kisha alie tena. Bweni la karibu lilikosa usingizi, na wako waliotoka na mawe kwenda kumnyamazisha. Baada ya wiki hivi akanyamaza mwenyewe, tukasema, "Afadhali, amezoea." Kumbe hakuwa amezoea. Alikuwa amekata tamaa.

Zamu yangu ya maji ilipofika, tulimkuta Koplo mzito kama jiwe. Alifungwa kwenye mkokoteni mdogo wenye mitungi michache, lakini alipofika kwenye kile kilima cha kutoka mtoni alisimama tu. Masikio yamelala, kichwa kimeinama. Nikachukua fimbo. Sitaki kuwaficha, nilimpiga, tena zaidi ya mara moja, huku nikisema eti punda haendi bila kigongo. Mzee anayemtunza akanishika mkono.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "unampiga kwa kosa gani?"

"Mzee, huyu ni mvivu. Tutachelewa gwaride."

"Si mvivu. Yuko matangani. Wewe ukifiwa na ndugu yako, nani atakupiga?"

Nilinyamaza. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Siku chache baadaye Koplo aliacha kula. Majani aliyagusa kwa mdomo akayaacha. Mzee alikwenda kwa mwalimu wa zamu, mwalimu akamwita daktari wa mifugo. Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tukifyeka nyasi karibu, tukasogea kusikiliza. Daktari alituambia jambo ambalo sikuwahi kulisoma katika kitabu cha Biolojia. Punda akiacha kula kwa sababu ya ugonjwa au huzuni, mwili wake huyeyusha mafuta uliyoyaweka akiba na kuyamwaga katika damu. Mafuta yakizidi damuni, ini na figo hushindwa kazi, na punda hufa. Kwa hiyo punda aliyepotewa na mwenzake anaweza kumfuata kaburini, na wala si hadithi ya kutungwa. Akaongeza kwamba wa kubaki angeachwa kwanza asimame karibu na mzoga, aunuse, mpaka mwenyewe auache. Asipouona, huendelea kumtafuta. Nilikumbuka zile kelele za usiku, nikaona haya.

Dawa alipewa. Lakini dawa iliyomponya zaidi, kwa maoni yangu, haikutoka kwenye mkoba wa daktari. Kwa ushauri wake Koplo alipelekwa kwa jirani yetu mmoja mwenye punda watatu, akakaa huko wiki moja. Mzee alituambia kwamba siku ya kwanza waliunusana, wakapigana mateke kidogo, kama ilivyo desturi ya wageni. Siku ya pili Koplo alikula. Siku ya tatu alionekana akibingirika vumbini. Wiki ilipokwisha akarudishwa shuleni, maana maji yalihitajika. Sasa amerudi nyuma ya jikoni, peke yake, na mwenye macho haambiwi tazama: mbavu zinahesabika.

Wapenzi wasomaji, hoja yangu ni fupi. Mnyama wa aina hii hakuumbwa kukaa pekee, na kumweka pekee ni kumtesa hata kama analishwa, ananyweshwa na hapigwi. Wahenga walisema upweke ni uvundo. Walikuwa wakisema juu ya binadamu, lakini msemo huo unamfaa punda na farasi vilevile.

Hebu tumtazame farasi, binamu yake punda, maana huyo amechunguzwa sana. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Kwake yeye kundi ni ukuta, ni mlinzi na ni blanketi. Anaweza kusinzia akiwa amesimama, lakini usingizi ule mzito wa kweli haumpati mpaka alale chini, na akilala chini hawezi kukurupuka upesi. Ndiyo maana katika kundi wengine hulala na mmoja husimama akichunga. Sasa niambieni, wa pekee atachungwa na nani? Wengine hukaa siku nyingi bila kulala sawasawa kwa sababu hawajisikii salama. Ninyi mnaosinzia darasani baada ya usiku mmoja tu wa kusoma, mfikirieni huyo.

Tena kuna ule mchezo wa kukunana. Mwaka 1993 watafiti wawili walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa. Walimkuna farasi pale mabegani, karibu na mwisho wa shingo, mahali ambapo farasi wenyewe hupenda kukunana. Mapigo ya moyo yakapungua. Wakamkuna mahali pengine, mapigo yasipungue. Maana yake ni kwamba Sajini na Koplo hawakuwa wakicheza tu pale jioni. Walikuwa wakitulizana mioyo baada ya kazi. Koplo leo hukuna bega lake kwenye mti, na mti haumkuni yeye.

Kuna na kisa cha vioo. Farasi anayefungiwa chumbani peke yake huweza kuanza tabia ya ajabu. Anayumbisha kichwa na shingo huku na huku, kutwa kucha, kama pendulo ya saa. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walitundika vioo katika vyumba vya farasi wa namna hiyo, na kule kuyumba kukapungua sana. Wasomaji, mnaelewa jambo hili? Mnyama ana kiu ya mwenzake kiasi kwamba hata kivuli chake mwenyewe kiooni kinampa nafuu! Niliposoma hayo, nilikumbuka usiku wangu wa kwanza katika bweni hili, nilivyolala macho yakitazama dari mpaka jirani wa kitanda cha juu aliponiuliza, "Wewe watoka wapi?" Swali hilo moja lilinipa usingizi.

Hata wale wanaofuga farasi kwa ajili ya fedha wanalijua jambo hili. Huko Marekani katika miaka ya 1930 alikuwako farasi wa mashindano aitwaye Seabiscuit. Alikuwa mkali, mwenye wasiwasi, na hakupata raha chumbani mwake. Inasimuliwa kwamba kwanza alipewa mbuzi wa kumliwaza, na usiku huohuo akamnyanyua kwa meno akamtupa nje. Baadaye mkufunzi wake, Tom Smith, akamletea farasi mtulivu aliyeitwa Pumpkin, wakakaa pamoja kwa miaka. Seabiscuit akatulia, akaanza kushinda, na mwaka 1938 alimshinda War Admiral, bingwa aliyeogopwa na wengi. Sisemi kwamba Koplo atashinda mashindano. Nasema kwamba mnyama aliyetulia moyo hufanya kazi, na mwenye fimbo hawezi kumpa utulivu huo.

Sasa nijibu pingamizi, maana najua mmeshazinoa.

Wa kwanza atasema, "Si ana ng'ombe wawili wa shule na mbuzi wa mpishi?" Ni kweli, na ni afadhali hao kuliko kukosa kabisa. Lakini ng'ombe hacheui na punda, wala mbuzi hakunani naye, wala hajui maana ya sikio lililolala nyuma. Ni sawa na kukuweka wewe katika nchi usiyojua lugha yake hata neno moja. Utaona watu, lakini hutakuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Wa pili, yule bingwa wa Biolojia, atasema kwamba punda-mwitu wa Afrika, wanaopatikana Ethiopia na Eritrea, hawaishi katika makundi ya kudumu, na dume huweza kukaa peke yake katika eneo lake. Hilo nalo ni kweli. Lakini huko ni jangwani, majani ni haba, na wakikaa pamoja watakufa njaa. Isitoshe, dume huyo amejichagulia mahali pake na akitaka wenziwe huwafuata. Koplo yuko kwenye kamba. Tena alikuwa na mwenzake tangu utotoni. Aliyezaliwa gizani na aliyezimiwa taa si mamoja.

Wa tatu atasema, "Punda ni punda. Asante yake ni mateke, na hana hisia." Huyu ndiye aliyenikera zaidi, kwa kuwa alikuwa mimi. Punda ana desturi ya kuficha maumivu. Akiumwa hatapiga kelele kama mbwa. Atasimama kimya na kuinamisha kichwa, nasi tutasema ni mkaidi. Basi ukaidi tunaouchapa mara nyingi ni ugonjwa au huzuni tusiyoijua kuisoma. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumbebesha kupita nguvu zake. Nchi ya Uswisi imekwenda mbele zaidi. Kanuni zake za mwaka 2008 zinataka farasi na jamaa zake waweze kumwona, kumsikia na kumnusa mwenzao. Sisi hatuhitaji kungoja kanuni kutoka ng'ambo ili tumwonee huruma punda wa nyuma ya jikoni.

Wa nne, na huyu namheshimu, atasema, "Fedha zitatoka wapi? Vitabu havitoshi, na wewe wataka punda." Ni swali la haki. Punda sasa ni ghali kuliko zamani, na sababu yake tunaijua. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya mwaka 2019 ilikuta kama milioni 1.2 hivi. Katikati ya miaka hiyo vilifunguliwa vichinjio vya punda, ngozi zikapelekwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao, na wezi nao hawakulala. Februari 2024 Umoja wa Afrika, katika mkutano wake wa Addis Ababa, uliafiki kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Watu wengi wakizitazama hesabu hizo huwaona punda waliopotea. Mimi siku hizi nawaona na waliobaki. Kila aliyechukuliwa usiku huenda alimwacha mwenzake zizini, masikio yamesimama, akisikiliza.

Lakini kwa upande wa fedha, tufanye hesabu. Zamani punda wawili walileta maji ya asubuhi kwa safari mbili. Leo mmoja aliyedhoofika anakwenda safari nne au tano, na bado kuna siku tunanawa uso tu. Akifa Koplo, tutanunua wawili badala ya mmoja. Mwenye kukataa kuziba ufa hujenga ukuta. Na jambo moja zaidi: punda akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 30 na kupita. Koplo ana miaka saba hivi. Sisi tutafanya mitihani, tutaondoka, tutapata kazi, pengine tutaleta watoto wetu hapa, na yeye atakuwa bado amesimama nyuma ya jikoni. Je, peke yake miaka yote hiyo?

Basi napendekeza haya, kwa unyenyekevu, kwa Mwalimu Mkuu, kwa Bodi itakayokutana muhula ujao, na kwenu wenzangu.

Kwanza, Koplo anunuliwe mwenzake. Chama chetu kianzishe mchango. Tukiacha andazi moja la dukani kwa wiki, kila mwanafunzi, kwa muhula mmoja, tutakuwa tumesogea mbali. Haba na haba hujaza kibaba. Na atakapoletwa, wasifungwe pamoja siku ileile. Watenganishwe kwa ua, waonane na kunusana kwanza, kisha wakutanishwe taratibu.

Pili, mpaka siku hiyo ifike, Koplo apelekwe kwa yule jirani kila Jumamosi jioni na kurudishwa Jumatatu alfajiri. Nimezungumza na Mzee, naye yuko tayari. Jirani hakukataa, anaomba tu tumsaidie kufyeka majani. Mimi nimejiandikisha wa kwanza. Natafuta wenzangu watano.

Tatu, ikiwa Bodi itaona kwamba mambo yote mawili hayawezekani, basi Koplo auzwe au atolewe kwa mtu mwenye punda wengine na mwenye kumtunza, nasi tubebe maji kwa mikono yetu mpaka bomba litengenezwe. Najua pendekezo hili litaniletea maadui bwenini. Heri maadui hao kuliko kuyaona yale masikio yaliyolala kila nikienda kuchukua uji.

Mwisho, fimbo. Yeyote atakayekuwa zamu ya maji aiache nyumbani. Mimi nimeiacha.

Kuna msemo tunaoupenda sana hapa shuleni, hasa karibu na mitihani: punda afe, mzigo ufike. Tumeurudia mpaka tumesahau kwamba ndani yake kuna mtu anayekufa. Sajini alikufa, na mzigo umefika kila siku, nasi tumeoga. Lililobaki ni deni kwa yule aliyeendelea kuuvuta.

Jioni hii nilipopita nyuma ya jikoni kabla ya kuandika maneno haya, nilimkuna Koplo pale mabegani kwa vidole, kama nilivyosoma. Alinyosha shingo, mdomo ukatetemeka, kisha akageuka akaanza kunikuna begani kwa meno, akararua sweta yangu ya shule. Matroni ameniuliza nimeraruliwa na nini. Nimemwambia ukweli, lakini hakuniamini.

Naweka kalamu chini. Mwenye kunipinga, ukurasa wa maoni wa mwaka ujao uko wazi. Mwenye kuniunga mkono, tukutane Jumamosi saa kumi, nyuma ya jikoni. Njoo na panga la kufyekea majani.